Mazoezi ya Mkekani: Mtindio wa Ubongo katika Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ilipata reli miongo mingi kabla ya kupata lami, na reli yenyewe ililetwa na karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, basi mwaka 1946 ikapitishwa hoja ya kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakashushwa, mji ukachorwa, bandari mpya ikaanza kujengwa Mtwara. Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ilipokamilika mwaka 1954 karanga za kupakia hazikuwapo. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha mataruma yakang'olewa.

Mzigo ambao mradi ule uliuacha kusini ni umbali. Watu walibaki kati ya Lindi, Masasi na pori la Liwale, wakilima korosho, ufuta na mbaazi, kila safari ya hospitali ikipangwa kwa kuangalia mvua kwanza. Kwa mwenye homa au jino bovu, safari kama hiyo ni ya siku moja, ikiisha imeisha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi kila siku kwa miaka, na tiba ya namna hiyo haisafirishwi kwa lori la korosho.

Mtindio wa ubongo hauambukizi wala hausambai. Ni jeraha la ubongo linalotokea mimba ikiwa changa au kubwa, wakati wa kujifungua, au katika miaka ya mwanzo ya mtoto. Jeraha likishatokea haliongezeki. Mwili ndio unaoendelea kubadilika: misuli iliyokaza huvuta mifupa inayokua, nyonga hutoka mahali pake taratibu, kisigino hakigusi chini. Mtoto mmoja hukakamaa miguu yote miwili na kuipishanisha mfano wa mkasi. Mwingine hupooza upande mmoja. Wa tatu viungo vyake havitulii, hujinyonganyonga hata akiwa amelala. Wapo wanaotembea na kufika chuo kikuu. Wapo wasioweza kushika shingo hadi utu uzima.

Ulaya ilianza kuiandika hali hii katikati ya karne ya 19. Daktari wa London, William John Little, ambaye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda, aliwaambia madaktari wenzake wa uzazi mwaka 1861 kwamba watoto wengi wenye miguu iliyokakamaa walizaliwa kwa shida au walichelewa kulia. Sigmund Freud, kabla hajajulikana kwa habari za ndoto, aliandika kitabu kizima juu ya hali hii mwaka 1897 na kumpinga: alidhani uzazi mgumu mara nyingine ni dalili tu ya kasoro iliyokuwapo tumboni tangu awali. Ubishi huo haujaisha. Katika nchi tajiri, Freud ameonekana kuwa na haki zaidi. Kusini mwa Tanzania, mtu akihesabu saa za kusubiri gari la wagonjwa, atampa Little kura yake.

Miaka ileile matrekta yalipokuwa yakivunja majembe kwenye ardhi ya Nachingwea, Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, pamoja na mumewe daktari Karel, walikuwa London wakibuni namna ya kumshika mtoto aliyekakamaa ili misuli yake ilegee na ajifunze kujongea. Njia yao ilienea dunia nzima. Nachingwea ilikuwa chini ya serikali ileile ya London, lakini kilichosafirishwa kwenda huko kilikuwa matrekta.

Hii haina maana kwamba watoto wa kusini hawakuguswa na mkono wa mtu. Pwani na bara yake wana desturi ya kale ya kumchua mtoto kwa mafuta, ya nazi au ya ufuta, na kumnyoosha viungo kila anapoogeshwa. Bibi anayejua kazi yake hutambua kabla ya daktari kwamba mtoto huyu ana kasoro: mapaja hayafunguki akitaka kumbeba, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi, shingo bado inalegea ilhali wenzake wameanza kukaa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliyechelewa kusimama amewahi kuchimbiwa shimo, akasimamishwa humo hadi kiunoni huku udongo ukimshika.  Baadaye hospitali zilinunua stendi za mbao zenye mikanda zinazofanya kazi hiyohiyo, tofauti ikiwa pembe ya nyonga, muda wa kusimama na mtu wa kumwangalia mtoto asiumie.

Tatizo lilikuwa kwenye maelezo ya chanzo. Homa kali ikimfanya mtoto atetemeke na kugeuza macho, watu wengi husema ni degedege, na degedege kwa imani ya zamani hutokana na ndege au pepo aliyempitia. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi familia zilivyompeleka mtoto wa degedege kwa mganga wa jadi kwanza, kwa kuwa iliaminika kuwa sindano haifai mpaka degedege litulizwe. Mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Kule Kilifi, Kenya, ambako watafiti wamewafuatilia watoto hao kwa miaka mingi, takriban robo ya walionusurika malaria ya namna hiyo walibaki na athari fulani ya ubongo. Baadhi yao ndio watoto ambao majirani husema walizaliwa wazima, "wakaharibiwa" na mtu.

Hospitali ziliingia kupitia misheni. Wabenedikto walikuwa Nyangao kabla ya Vita vya Majimaji. Misheni yao ikachomwa moto mwaka 1905, wakarudi na kuanzisha makao makubwa Ndanda. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa Masasi na Lulindi. Pande zote mbili ziliwapokea wagonjwa wa ukoma. Mwenye ukoma aliyepoteza hisia za vidole hana budi kufundishwa kunyoosha mkono, kulinda nyayo na kuvaa kiatu chenye soli laini, kwa hiyo huenda ukoma ndio uliotangulia kuwazoesha wauguzi wa kusini kuyaona mazoezi kuwa dawa.

Katika historia hii kuna mtu mmoja anayestahili kuelezwa kwa kirefu. Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa 1906, alifika upande wa Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamia Kanisa Katoliki, akaenda Mnero, ndani ya Nachingwea, na kuitumikia hospitali ya misheni hapo kwa takriban miaka 15. Wakati mamilioni ya karanga yakiyeyuka jirani yake, yeye alikuwa akipasua, akizalisha na kuwafunza vijana wa vijijini uuguzi. Aliingia bungeni mwaka 1958, akachukua uraia wa nchi mpya, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kwa hiyo wizara iliongozwa na mtu aliyezijua njia za Nachingwea kwa miguu. Mkazo wa enzi hiyo ulikuwa zahanati, chanjo na maji safi. Kampeni ya redio ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kuchimba vyoo. Kinga ilipewa kipaumbele, na ni vigumu kulaumu uamuzi huo katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache kiasi kile. Ila mtoto ambaye kinga imekwisha kumpita hakuwa na kipindi chake redioni.

Vita navyo vilipita Nachingwea. Shamba namba 17, moja ya mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga, lilikuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na kiongozi wake Samora Machel aliishi na kufundisha pale. Mwezi Mei 1975 ndipo alipoanzia safari yake ya ushindi kuvuka Ruvuma hadi kusini kabisa mwa Msumbiji. Majeruhi wa vita hivyo walikuwa na hospitali ya chama Mtwara, iliyopewa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida. Jeshi lolote huwatafutia magongo vijana wake waliokatika miguu, na polio nayo ilipopita ikaacha watoto waliohitaji vyuma vya miguu. Ukoma, risasi, polio: kila kimoja kilikuwa na mfadhili wake na mgonjwa ambaye akili yake haikutiliwa shaka. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye maneno yake hayasikiki vizuri na udenda unamtoka, alidhaniwa taahira, na mbele ya dirisha la huduma akawa wa mwisho.

Ujuzi wenyewe ulianza kuota mizizi kaskazini. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na katika muongo huo ikaanza kufundisha wataalamu wa fiziotherapia wa Kitanzania. Mwaka 1981 kikafuata chuo cha TATCOT, kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kunyoosha miguu, ambacho hadi leo hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kutoka Ruangwa, jirani ya Nachingwea, hadi Moshi ni kuivuka nchi karibu yote. Mhitimu akimaliza hukuta nafasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Hata hospitali ya mkoa kusini ilikuwa na bahati ikipata mtaalamu mmoja, na mmoja huyo alikuwa na wodi nzima ya waliovunjika mifupa kwa kuanguka mikoroshoni.

Jibu la umbali lilipendekezwa Geneva. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utengamao katika jamii, ulioandikwa na Einar Helander na Gunnel Nelson wa Sweden pamoja na Padmani Mendis, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Sri Lanka. Toleo lake kamili lilitoka 1989. Wazo lake halikuwa na makuu: mwanafamilia awe ndiye mkufunzi, mtu wa kijijini amsimamie, mtaalamu apite mara mojamoja. Mwongozo ulikuwa vijitabu vyenye michoro ya mistari, kila kijitabu na shida yake, ili asiyesoma aone tu mkono unawekwa wapi. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliowahi, kupitia Umoja wa Watu wenye Ulemavu ulioanzishwa 1985. Dar es Salaam ikapata CCBRT, shirika la huduma kwa watu wenye ulemavu, mwaka 1994.

Nachingwea bado ilikuwa ng'ambo ya Rufiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, gari la kusini lilisubiri kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea lilisubiri siku kadhaa. Hebu mtu afikirie kumbeba mtoto wa miaka sita, aliyekakamaa, asiyeweza kukaa kwenye kiti cha basi bila kushikiliwa, anayepaliwa kila anapokunywa maji, katika safari hiyo. Na mwisho wa safari aambiwe arudi baada ya wiki mbili.

Gharama ya umbali huo imepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walipita kaya zaidi ya 200,000 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo. Ruangwa wakati huo ilikuwa wilaya changa, iliyoundwa 1995. Walipochambua vifo vya uzazi, waligundua kwamba wanawake walioishi zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali walikufa kwa matatizo ya moja kwa moja ya uzazi kwa kiwango cha karibu mara nne ya wale waliokuwa ndani ya kilomita tano. Utafiti ule haukuhesabu mtindio wa ubongo. Lakini uchungu uliokwama na kumuua mama ndio huohuo unaomnyima mtoto hewa, na si watoto wote waliokosa hewa hufa.

Katika eneo hilohilo, kuanzia mwaka 2010, wanawake wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba chini ya mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, wakiwashauri wajawazito juu ya kujifungua kwa usafi, joto la mtoto na kunyonyesha. Tathmini iliyofuata ilikuta desturi kadhaa zimebadilika na kuwa bora. Vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu ya mpango. Ni matokeo ya kuvunja moyo, lakini yalithibitisha jambo ambalo historia hii inalihitaji: mwanamke wa kijijini mwenye mafunzo ya siku chache hupokelewa katika nyumba za Nachingwea na Ruangwa, na maneno yake hufuatwa.

Ni watoto wangapi hasa? Makisio mazuri ya karibu yanatoka Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ambako watoto 31,756 wa miaka 2 hadi 17 walichunguzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walikuta karibu 2.7 wenye mtindio wa ubongo katika kila 1,000. Sensa ya 2012 iliihesabu Nachingwea watu 178,464 na Ruangwa 131,080, na karibu nusu ya watu wa vijijini ni watoto. Ukipiga hesabu ya haraka kwa kiwango cha Uganda, wilaya hizi mbili zingekuwa na watoto wapatao mia nne, wametawanyika katika vijiji ambavyo vingi vinafikiwa kwa bodaboda.

Mazoezi ya mtoto wa namna hiyo, yakifanyiwa nyumbani, huhitaji mkeka, kanga mbili na mtu asiye na haraka. Haraka ndiyo adui wa kwanza, maana msuli uliokaza ukivutwa ghafla hukaza zaidi. Mama hukaa, akamweka mtoto katikati ya mapaja yake, mgongo kifuani pake. Huanza na nyonga: mkono chini ya kila goti, miguu inafunguliwa taratibu, anasubiri, anafungua tena. Kwa ngumi iliyofungwa, havuti vidole. Hukunja kwanza kifundo cha mkono, kisha huingia chini ya kidole gumba karibu na kiganja, na ngumi hufunguka yenyewe. Kanga iliyoviringishwa huwekwa chini ya kifua, mtoto akilala kifudifudi, na sufuria inayong'aa inasogezwa mbele yake ili ainue kichwa. Chakula nacho ni sehemu ya mazoezi: mtoto hukalishwa wima, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito kuliko wa kunywa, kijiko kinatoka mbele, hakitoki juu. Aliyelishwa amelala chali hupaliwa, uji ukaingia mapafuni, na kichomi ndicho kinachowaua wengi wao.

Sayansi nayo imegeuka. Kwa miaka mingi wataalamu walikataza mazoezi ya nguvu kwa kuogopa kwamba misuli itazidi kukakamaa. Katika miaka ya 1990 Diane Damiano na wenzake Marekani walionyesha kwamba misuli hiyo ni dhaifu na inaimarika ikifanyishwa kazi, bila kukakamaa zaidi. Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na timu yake walipanga tiba zote kwa rangi za taa za barabarani. Kunyoosha kwa mkono peke yake hakukupata kijani. Njia ya Bobath, iliyotawala vyuo kwa nusu karne, nayo haikupata. Miongoni mwa zilizopata ni mazoezi yenye lengo analolitaka mhusika mwenyewe na programu za nyumbani. Kwa lugha ya Ruangwa: kumchua mtoto jioni ni upendo na hupunguza maumivu, lakini kushika kikombe kunafundishwa kwa kushika kikombe, kuketi kwa kuketi mezani na wenzake, kutembea kwa kutumwa dukani hata kama atachelewa.

Kilichokuwa cha lazima kwa sababu ya umaskini wa barabara, yaani kuifanya nyumba kuwa kliniki, kimekuja kupendekezwa hata kwa matajiri. Ila mwandishi wa mwongozo akiwa Sydney huandika "programu ya nyumbani" akimfikiria mzazi mwenye saa za jioni. Mama wa Nachingwea msimu wa kuokota korosho hana saa hizo. Ndiyo maana mafunzo ya vikundi vya wazazi, yaliyoanzia Afrika Kusini kwa jina la Hambisela na baadaye kusambazwa na wataalamu wa London hadi Bangladesh, Ghana na Uganda, huanza na kumbeba, kumlisha na kumlaza, mambo ambayo mama atayafanya hata hivyo. Vikundi hivyo vina faida nyingine isiyopimwa kwa kipimo cha misuli: mwanamke aliyeachwa na mume kwa kuzaa "mtoto wa mkosi" hukuta wenzake watano wameambiwa hivyohivyo.

Vifaa pia vimepata njia ya mkato. Bevill Packer wa Zimbabwe alibuni ufundi wa kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi chakavu zilizobandikwa kwa gundi ya uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, hadi zinakuwa ngumu kama mbao. Kiti cha mtoto kilichopimwa mwilini mwake, chenye kizuizi katikati ya mapaja na meza mbele, hutengenezwa hivyo Afrika Mashariki bila kuagiza skrubu hata moja. Udhaifu wake ni mvua na mchwa, na kusini kuna vyote viwili.

Vitabu hivi vyote, vya Geneva, vya London na vya Afrika Kusini, vimeandikwa kwa ajili ya mtoto. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaja kila raia, lakini kliniki za mtindio wa ubongo huwa siku ya watoto. Watafiti wa Uganda waliona kiwango kinashuka kadiri umri unavyopanda, na walipowafuatilia watoto wao walikuta vifo vingi mno kuliko vya wenzao. Waliovuka utoto wana shida isiyozungumzwa: mtu aliyetembea vizuri akiwa na miaka 15 huanza kuchoka, magoti na mgongo kumuuma, na wengine huacha kutembea wakikaribia miaka 35 wasipoendelea na mazoezi. Katika vijiji vya wilaya hizi mbili wapo watu wazima wa umri huo, wanaobangua korosho wameketi, wanaochunga duka la kaka, wanaopiga kura. Mama aliyewanyoosha mkekani amezeeka, na hawezi tena kuwainua.